Kidole Nilichokinyoosha

Bulla Iftin, Garissa
11 Januari 2025

Kwa Abti Yakub, mjomba wangu,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Griftu, wewe na mwanao Mowlid na watoto wake, na ngamia pia, maana nisipowataja ngamia utasema nimekusalimu nusu. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi lakini mdomo wake haujambo kabisa. Anakusalimu, na anasema umemsahau dada yako.

Nimeona niandike kwa sababu simu yetu ya mwisho ilikuwa vituko. Mimi napiga kelele mpaka majirani wanatoka nje, wewe unajibu mambo ambayo sikuuliza. Karatasi haihitaji masikio. Na Kiswahili ulichojifunza kwenye kambi za barabara, ukitengeneza magreda, bado ni kizuri kuliko changu.

Kwanza habari za karakana. Ile feni ya kupulizia makaa uliyonicheka, nimeimaliza. Gurudumu la baiskeli, mkanda wa tyubu, na mapanga niliyokata kwenye debe la mafuta ya kupikia. Nikizungusha kidogo tu, makaa yanawaka mpaka yanakuwa meupe. Mama anauliza mwanamke anayeuza vitambaa sokoni ana kazi gani na moto wa mhunzi. Namjibu kwamba mchana ni wa vitambaa, jioni ni yangu.

La pili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Tulikuwa tunahamisha vitu chumbani kwa mama, na ndani ya sanduku la marehemu baba, chini kabisa, tumekuta chuma. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Kina mikono miwili iliyoshikana mwisho mmoja kwa ribiti, kama koleo. Mkono mmoja ni mrefu na mwembamba, na ncha yake imenolewa. Mwingine ni mfupi kidogo, na mwishoni una kigurudumu cha shaba kinachozunguka. Katikati kuna skrubu yenye nati ya masikio: ukiikaza mikono inakaribiana, ukiilegeza inaachana. Mpini ni wa mti, na umeshikwa miaka mingi mpaka unang'aa.

Mama anasema tu, "Hiyo kitu ya baba yako. Mimi sijui kazi yake. Weka." Kaka Guleid anataka kukiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Nimekataa. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, na vitu alivyovishika vilivyobaki nyumbani ni vichache mno. Nataka kujua alikuwa anafanya nini nacho.

Nimekisafisha vizuri kwa brashi ya waya na msasa, kisha nikakichora. Mchoro uko nyuma ya karatasi hii, ukubwa sawa na chenyewe. Nitazamie.

Mpwa wako,
Istahil


Griftu
2 Februari 2025

Abti Istahil,

Wa aleikum salaam warahmatullah. Sisi tuko, alhamdulillah. Jua ni kali, na visima vya karibu vinatoa tope kuliko maji. Barua niliipata kwa mkono wa Abdiwahid, yule dereva wa gari la Probox. Bahasha ilikuwa imefunguka kidogo, naye akaniuliza kwa unyenyekevu mkubwa kama goti la Roda limepona. Ukiniandikia tena tia gundi.

Watu wa bara hushangaa kwamba kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina moja, abti kwa abti. Mimi napenda hivyo. Tukigombana hakuna mkubwa.

Na leo tutagombana kidogo. Feni yako naikubali, ila mapanga ya debe yatapinda, tafuta bati nene. Mimi nimetengeneza mashine ya kukereza kwa kanyagio la cherehani. Nilitaka mguu wa stuli, ukatoka yai. Lakini ni yai zuri, nimeliweka dirishani.

Sasa chuma cha baba yako Abdimalik. Kwanza nilidhani ni kibanio cha springi za vali. Nikakataa, maana ni chembamba mno. Kisha nikadhani ni kipimo cha unene wa bomba. Lakini kipimo kinanolewa ncha kwa nini? Nimekitazama mchoro huo asubuhi na jioni. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hakikutoka kiwandani. Kigurudumu hicho ni cha redio ya zamani, kile kilichokuwa kinapitisha uzi wa kutafutia stesheni. Skrubu ni ya taa ya karabai au ndugu yake. Baba yako alikitengeneza mwenyewe, kwa kazi aliyoijua yeye.

Ugomvi wetu ni huu: nani alikuambia ukisugue? Uchafu wa chombo ndio shahidi wake. Grisi ingetuambia gari. Damu ingetuambia mifugo. Unga wa mti ungetuambia seremala. Wewe umeniletea chombo kilichooga kikavaa nguo za Idi.

Habari yangu nyingine si nzuri. Masikio yanaondoka, na hayaondoki sawasawa. Sauti kali zilitangulia: ndege, watoto, kengele za bati za sokoni. Kengele za ngamia wangu zote zimenizimikia isipokuwa moja, ile koor ya mti anayovaa Dero. Baba yako aliichonga akanipa siku alipomwoa Roda, na Dero ni ngamia wa tatu kuivaa. Ina sauti nzito, inatoka tumboni. Hiyo nilikuwa naisikia kifuani hata masikio yakikataa, na ngamia wote humfuata Dero, kwa hiyo ilinitosha.

Mwezi uliopita Dero alijikuna kwenye mti, kengele ikapasuka kutoka mdomoni mpaka begani. Sasa inalia kama mtu anayegonga katoni. Juma hilohilo nilimpoteza. Alikuwa nyuma ya vichaka karibu kabisa, nami nikaenda upande mwingine nikimtafuta. Mowlid alimpata kesho yake kwenye njia ya Wajir.

Mowlid anasema mzee asiyesikia kengele hawezi kuchunga. Mvua ikinyesha anataka kuwachanganya ngamia wangu na wake, mimi nikae dukani kwake nipime sukari. Sina hasira naye. Anaogopa kwamba safari ijayo nitapotea mimi. Lakini abti, wakiondoka ngamia hawa mimi nitaamka asubuhi niende wapi? Nitatazama yai dirishani?

Msalimie dada yangu. Mwambie sijamsahau, simsikii tu.

Abti yako,
Yakub


Garissa
20 Februari 2025

Kwa Abti Yakub,

Asalaam aleikum. Habari za huko na habari za Dero? Sisi tu wazima, joto tu ndilo linatutoa roho. Gundi nimetia. Kama Abdiwahid ataisoma hii, basi na yeye nampa salamu.

Nimeumia kusoma habari za masikio yako. Nimeumia zaidi kwa ile ya sukari. Mowlid nampenda, ni ndugu yangu, lakini angeuliza mtu yeyote Griftu angeambiwa kwamba Yakub bila ngamia ni jina tu. Sitasema zaidi nisije nikaleta fitina.

Kuhusu kusugua, nimekubali kosa. Nilitaka kipendeze.

Baada ya kusoma maneno yako nilimwendea mama tena, safari hii nikamshikisha chombo mkononi. Abti, hakufikiri hata. Alikaa chini, akakiweka katikati ya magoti, mkono ukaanza kuzunguka wenyewe. Akasema, "Alikuwa anakaa hivi, mlangoni. Kwaru kwaru, kwaru kwaru, mimi kila siku nafagia unga ya mti." Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile. Akanijibu, "Wewe uliuliza kitu. Hukuuliza unga."

Kwa hiyo ni mti. Nimejaribu kwenye kipande cha ubao lakini ncha inakwaruza tu kama msumari, haili. Nilidhani labda ni cha kuchimbia vyombo vya maziwa au miiko. Halafu nikarudia barua yako pale uliposema baba alichonga koor. Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba baba alichonga chochote. Inawezekana ni hicho?

Mpwa wako,
Istahil


Griftu
8 Machi 2025

Abti Istahil,

Ramadhani karim. Mungu apokee funga zenu na dua zenu. Hapa tunafungua kwa maziwa na tende, na Mowlid ameleta sambusa nyingi, nadhani ananilainisha.

Inawezekana, na imewezekana. Siku nilipopata barua yako nilimvua Dero kengele. Miaka yote hiyo naitazama nje, sikuwahi kutia kidole ndani. Mdomo wake ni mwembamba, vidole vitatu vinapita kwa shida, lakini ndani tumbo ni pana. Na ukuta wa ndani una alama, mistari midogo ya kukwangua inayozunguka kuelekea pembeni. Nikajiuliza: huyu mtu alifikaje huku? Patasi iliyonyooka haiwezi kupinda kona ikaenda kukwangua mbavu za kengele.

Ndipo nikachukua mchoro wako. Mkono mrefu unaingia ndani. Mkono mfupi unabaki nje, na kigurudumu kinatembea juu ya mti bila kuuchubua. Skrubu inaweka nafasi kati yao. Unakwangua na kuzungusha, na ukuta ukifika unene ule uliouweka, kigurudumu kinagusa nje na ncha haiwezi kuingia zaidi. Tumbo linakuwa jembamba sawasawa kila mahali, na halitoboki kamwe. Kumbe ndiyo maana ina sauti nzito! Wachongaji wengine wanaogopa kutoboa, wanaacha ukuta mnene, kengele inalia kwa sauti nyembamba.

Nilicheka peke yangu mpaka Mowlid akaja kuangalia kama nimepatwa na jua. Abdimalik alikuwa mtu wa maneno machache, akiulizwa anavyochonga alikuwa anasema "kwa mkono". Mkono gani, ndugu yangu! Umenificha mashine nzima.

Ila kuna jambo moja. Katika mchoro wako ncha imenyooka. Ncha iliyonyooka ingegonga juu ya kengele tu, mbavu isingezigusa. Nakuuliza kwa upole kwa kuwa nimefunga: ulipokipata, kilikuwa kimenyooka?

Abti yako,
Yakub


Garissa
15 Machi 2025

Kwa Abti Yakub,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Mama anafunga vizuri.

Hakikuwa kimenyooka. Nilikinyoosha mimi.

Ncha ilikuwa imepinda, kama kidole cha mtu anayekuita. Mimi nikafikiri kilipindia sandukuni kwa kubanwa na vitu. Feni ilikuwa ndiyo kwanza imeisha, nilitaka kuijaribu. Nikakitia motoni kikawa chekundu, nikakigonga juu ya fuawe mpaka kikanyooka vizuri, nikakizamisha majini, nikakinoa upya. Nikaridhika sana. Sikukuandikia habari hiyo kwa sababu sikuona kama ni habari. Kwangu kitu kilichopinda kinangoja tu kunyooshwa.

Nimelia, abti. Kitu pekee ambacho akili ya baba ilikuwa bado imo ndani yake nimekishika na kukifuta kwa nyundo. Guleid angekiuza chuma chakavu, lakini angalau angekiuza kikiwa kizima. Na sikumbuki ilikuwa pembe gani. Nimekaa nimefumba macho nikijaribu kuiona, naona tu jinsi nilivyofurahi.

Mama nilimwambia nikitegemea kipigo. Akaendelea kuchambua mchele. "Chuma si imepinda kwa moto? Basi na moto iko."

Kwa hiyo nakuomba. Kama unaweza kunipimia mzunguko wa tumbo la kengele hiyo, nitakipinda upya, na nitakuchongea nyingine kabla ya mvua. Sijawahi kuchonga kitu chochote cha mti, nakuambia mapema.

Mpwa wako mpumbavu,
Istahil


Griftu
24 Machi 2025

Abti Istahil,

Wa aleikum salaam. Futa hilo neno la mwisho. Watu wote wenye karakana nyumbani wana ugonjwa huo, kutengeneza kwanza na kuuliza baadaye. Mimi niliwahi kukata kwa msumeno "kipande cha ziada" cha pampu, kikawa ndicho pampu yenyewe.

Pembe nimeipata. Kwanza nilikanda unga wa ngano, nikaujaza ndani ya kengele kupitia ule ufa, nikaupanua ufa kidogo nikautoa taratibu ukiwa na umbo la tumbo. Nikauanika juani ukauke nikutumie. Mbuzi wa Mowlid akaula. Nikakanda wa pili, huo nikaulinda mwenyewe mpaka ukakauka, na juu yake nikapinda waya huu uliomo ndani ya bahasha. Ndio mzunguko wa mbavu za kengele. Tafadhali usiunyooshe.

Abdiwahid atakuletea pia vipande vinne vya mti uleule aliotumia baba yako. Vikate kwa kufuata nyuzi za mti. Ndimi, zile za kugonga ndani ya kengele, ziwe mbili, nene, za mti mgumu.

Mawingu yameanza upande wa Buna. Mowlid nimemwona akihesabu ngamia wangu kwa macho. Usinipe matumaini, nipe kengele tu. Nikiisikia nimeisikia. Nisipoisikia, nitakwenda dukani kwa miguu yangu, sitaki kuburutwa.

Abti yako,
Yakub


Garissa
14 Aprili 2025

Kwa Abti Yakub,

Asalaam aleikum. Idi njema iliyopita. Mzigo ulio pamoja na barua hii ufungue taratibu.

Waya haukunyooka. Nilikipasha chuma moto nikakipinda kidogo kidogo, nikikilinganisha na waya kila mara, na mara ya kwanza maishani sikuwa na haraka. Kengele ya kwanza niliitoboa, nati nilikuwa nimeikaza mno. Ya pili ilipona lakini ilikuwa na sauti kama ya mbuzi aliyekasirika. Nilikuwa na woga, ukuta nimeuacha mnene kama hao wachongaji uliowasema. Ya tatu nikakaa kama alivyonionyesha mama, mlangoni, chombo katikati ya magoti. Nikaacha kufikiri ninakata wapi. Kigurudumu kilikuwa kinaniambia.

Nilipoifunga ndimi na kuitikisa, mama alitoka jikoni mikono imejaa unga wa chapati. Nikamuuliza, mama, iko sawa? Akasema, "Hiyo." Kisha akarudi jikoni na hakutoka tena mpaka chakula.

Hiyo ndiyo nimekutumia. Kuna doa moja karibu na mdomo ambapo mkono uliteleza. Abti, kama huisikii niambie ukweli. Usiniambie unaisikia kwa kunihurumia, maana utapotea porini na mimi ndiye nitakayekuwa nimekupoteza.

Mpwa wako,
Istahil


Garissa
5 Mei 2025

Kwa Abti Yakub,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima. Siku zimepita na sijapata neno. Mvua imenyesha vizuri huku, mto umejaa, una rangi ya chai, na redio inasema Wajir pia imepata. Najua barabara imekatika mara mbili. Najiambia ni barabara.

Lakini basi limeanza kupita tena, na Abdiwahid anamwambia dereva wa basi kwamba mzigo aliufikisha mkononi mwako. Simu ya Mowlid haipatikani. Mama anauliza kila siku, "Yakub amejibu?" Mimi nasema bado.

Kama haikulia kwa masikio yako, niandikie neno moja tu, hapana. Sitalia. Nitachonga nyingine, nitaikwangua zaidi. Na kama uko dukani unapima sukari, niambie pia, nije nikae nawe siku mbili tatu. Nitakuletea mapanga mapya ya feni uyakosoe.

Mpwa wako,
Istahil


Garissa
23 Mei 2025

Kwa Abti Yakub,

Asalaam aleikum, popote ulipo.

Barua yangu ya mwisho imerudi leo na basi. Gundi yangu haijaguswa. Lakini nyuma ya bahasha Mowlid ameandika kwa kalamu ya dukani, herufi zimebanana mpaka pembeni. Nakunakilia, maana sidhani kama alikuambia ameniandikia:

"Istahil, mzee hayupo, sina wa kumpa barua. Alimvika Dero ile kengele yako, akakaa juu ya jerikeni la maji, akaniambia nimwongoze Dero niende naye, yeye atainua mkono sauti ikipotea. Nilitembea mpaka vichaka vikamficha. Nilipochungulia, mkono ulikuwa bado pajani. Nikajua ananidanganya, unamjua mzee. Nikamzungusha Dero kwa mbali nikatokea nyuma yake kabisa, nimkamate. Istahil, alikuwa amegeuka. Uso wake ulikuwa unanitazama mimi nikitokea vichakani. Nikamkabidhi kamba ya Dero. Kesho yake amehama na ngamia wake wote kwenda Buna kwenye majani, amekataa hata simu. Lawama nakupa wewe. Mungu akulipe."

Nimeisoma nikiwa nimesimama stendi, na watu wa basi wakadhani nimepata msiba.

Barua hii sitaituma, maana hakuna Probox inayojua uliko. Nitaiweka kwenye benchi chini ya chombo cha baba, utaisoma siku ukija. Vile vipande vinne ulivyoniletea kimebaki kimoja. Nimeanza kukichonga. Kama utakuwa mbali na mvua inanyesha, kengele moja haitoshi; Dero ana mtoto, naye siku moja atahitaji yake.

Mama amenikuta mlangoni na unga wa mti miguuni. Akauliza kama kawaida yake, "Yakub amejibu?"

Leo nimemwambia ndiyo, amejibu.

Mpwa wako,
Istahil